Kikoti cha Kaka Ingap

Jioni ile tulikuwa tunakwenda kubeba marobota ya majani makavu ya mpunga, basi. Jirani yetu mfugaji alikuwa anayasubiri, na kila akipita mlangoni kwetu alikohoa kwa makusudi ili tumkumbuke.

Shamba letu liko ndani. Huku Cheorwon, mpakani mwa Korea mbili, ukisema "ndani" hakuna anayekuuliza ndani ya nini. Ni ng'ambo ya geti la jeshi, ambako raia mwenye kibali analima mchana na lazima atoke kabla jua halijazama. Mashamba yanakwenda mpaka karibu na uzio. Nyuma ya uzio kuna msitu uliojaa mabomu ya kutegwa ardhini, msitu ambao hakuna aliyelala ndani yake tangu vita viliposimama. Na nyuma ya msitu wako ndugu zetu wa upande wa pili na vipaza sauti vyao. Mwaka ule walikuwa hawapigi nyimbo wala hotuba. Walipiga sauti tu. Mara upepo, mara chuma kinasagwa, mara kitu kama watu wanaolia chini ya maji. Tulikuwa tumeshazoea.

Tulipotoka nje, mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu, kifurushi mapajani.

"Mama, tunakwenda kubeba majani," mume wangu Dongsik alimwambia. "Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Kuwasimamia. Huyu mkeo hata robota hajui kulifunga. Miaka yote hii shambani, bado anafunga kama anafunga zawadi."

"Mama, marobota yangu ya mwaka jana hakuna hata moja lililofunguka," nikasema.

"Hayakufunguka kwa sababu ng'ombe waliyakataa."

Ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye. Mimi ni mtoto wa Seoul, nililetwa huku na ndoa, na tangu siku ya kwanza alinichamba na mimi nikamjibu. Watu walidhani hatupatani. Nilimpenda yule mama kuliko mama yangu mzazi, na nasema hivyo wazi kwa sababu sikuwahi kumwambia yeye.

Kifurushi kilinuka mafuta ya ufuta na samaki mkavu. Hapo ndipo nilipokumbuka tarehe. Ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya mwezi. Siku hiyo, kwetu, huandaliwa chakula wale waliokufa bila mtu kujua walikufa lini.

Nikamtazama Dongsik. Naye alikuwa amenusa. Akawasha gari.

Mama mkwe alikuwa na kaka, Ingap. Walizaliwa kijiji cha Dolnae, ambacho sasa kimebaki msitu, katikati kabisa ya pande mbili. Vita vilipowafukuza, yeye alikuwa mdogo, na njiani akakumbuka kwamba ameacha viatu vyake vya mpira nyumbani. Akalia. Alilia mpaka Ingap akavua kikoti chake cha pamba, akamvisha, akamwambia, "Kaa hapa, nisubiri, nakwenda kuvileta." Ingap alikuwa mvulana tu, ndevu hata hazijaanza. Alirudi nyuma kwa mbio. Halafu barabara ikajaa askari, mama yao akambeba yule mdogo akamkimbiza, na mpaka ukafungwa nyuma yao.

Kikoti alibaki nacho. Kilikaa sandukuni maisha yake yote pamoja na dawa ya nondo.

Hakuwahi kumfanyia Ingap tambiko. Kumwandalia mtu wali wa wafu ni kusema amekufa, na kama yuko hai, ni kumwua kwa mkono wako. Lakini mwaka ule daktari alikuwa amemwambia kuhusu moyo wake maneno ambayo hakutaka kutueleza sisi. Alianza kugawa sufuria zake.

Getini, koplo kijana aitwaye Baek, mwenye mashavu mekundu na adabu nyingi, alichukua vitambulisho vyetu, akainama kuchungulia ndani ya gari.

"Watatu," alisema. "Tafadhali leo mtoke mapema. Ukungu unakuja."

"Tukichelewa utatupikia chakula cha jioni?" mama mkwe alimwuliza.

"Bibi, chakula chetu ukikionja utakimbilia upande wa pili."

Mama mkwe alicheka. Vitambulisho hubaki pale getini mpaka utoke. Wakiingia watatu, wanatoka watatu, na koplo hali wala halali mpaka hesabu itimie.

Tulipakia marobota yetu. Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu juu ya mashamba yaliyovunwa, na korongo waliotoka Siberia walikuwa wanaokota punje. Nilipofunga kamba ya mwisho mama mkwe hakuikosoa. Hilo lilinitia wasiwasi.

"Dongsik," alisema. "Nipeleke mwisho wa njia."

"Mama, kule mwisho haturuhusiwi kukaa."

"Nani kasema tutakaa? Tutasimama."

Dongsik alinitazama mimi. Ningeweza kusema nini? Alikuwa mzee, alikuwa na kaka, na kaka alikuwa kule.

Njia yenyewe ni nyembamba, imeinuliwa kidogo, na kila upande kuna waya wenye vibao vyekundu vya pembe tatu. Mabomu. Gurudumu likitoka nje ya njia hakuna wa kulaumu. Mwisho wake unakuta uzio. Askari hupachika mawe meupe kwenye matundu ya uzio ule, kila mahali, ili mtu akiugusa jiwe lianguke na wao wajue.

Mama mkwe alitandika mkeka. Akapanga samaki, matufaha, kikombe cha pombe ya mchele. Akaweka bakuli la wali, akasimamisha kijiko katikati ya wali. Kijiko kikisimama hivyo, chakula ni cha maiti. Kisha akapiga magoti, akasujudu kuelekea uzio.

Mara moja. Akainuka.

"Mama," nikamnong'oneza, "bado mara moja." Maana aliye hai husujudiwa mara moja. Aliyekufa, mbili.

"Najua kuhesabu."

"Lakini kijiko umekisimamisha."

"Kijiko ni ikiwa amekufa. Kusujudu mara moja ni ikiwa yu hai. Mimi sijui ni lipi, mwanangu. Nimemwandalia vyote viwili."

Mambo yale hayachanganywi. Hata mimi mtoto wa mjini, nisiye na imani kubwa, nilijua hilo. Ni kumfungulia mtu mlango bila kujua ni nani anayegonga.

Akafungua kitambaa akatoa kikoti.

Kwetu mtu akikata roho, mmoja wa nyumbani hupanda juu ya paa na vazi lake. Hushika ukosi kwa mkono wa kushoto, pindo kwa mkono wa kulia, akaelekea kaskazini na kumwita jina mara tatu. Roho ikisikia, irudi mwilini. Isiporudi, vazi hufunikwa juu ya maiti, na hapo ndipo kilio huanza.

Pale hapakuwa na paa. Mama mkwe alipanda kwenye pikapu. Alikanyaga gurudumu, akakanyaga bega la mwanawe, akasimama juu ya marobota, mwanamke wa miaka yake ile, na upepo ukashika sketi yake.

"Ingap wa Dolnae!" aliita. "Rudi!"

Vipaza sauti viliendelea kulia kule mbali. Korongo wakainua vichwa.

"Ingap wa Dolnae! Rudi!"

Korongo wakaruka. Wote. Hawakutoa mlio, jambo ambalo si kawaida yao.

"Ingap wa Dolnae! Rudi!"

Vipaza sauti vikanyamaza.

Kimya. Kimya cha aina ambayo hatujawahi kuisikia mwaka mzima. Nikasikia pumzi ya Dongsik. Nikasikia moyo wangu mwenyewe...

Tk.

Jiwe moja lilianguka kutoka kwenye uzio.

Tk.

La pili, karibu zaidi.

Nikasikia harufu. Moshi wa kuni, na zizi la ng'ombe, na jasho la mtoto aliyekimbia. Kule mbele hakuna nyumba. Hakuna ng'ombe. Hakuna mtoto.

"Mama, shuka," Dongsik alisema kwa sauti ambayo sikuijua. "Shuka sasa hivi."

Lakini mama mkwe alikuwa amegeuza kikoti, na alikuwa anapitisha mkono wake kwenye mkono wa kikoti.

"Mama, usivae," nikasema. "Hicho ni cha kufunika maiti."

"Maiti yuko wapi nimfunike? Nionyeshe." Hakuwa amekasirika. Alipitisha mkono wa pili. "Nimemwita arudi mwilini, na mwili hana. Ataingia wapi? Na pale getini wanahesabu watatu. Tukiwa wanne, hawatamtoa."

Kilikuwa kikoti cha mvulana. Alikuwa amenyauka na uzee, kikamkaa sawasawa.

"Nilimtuma mimi," alisema, akifunga utepe kifuani. "Na yeye akalale nyumbani."

Kisha akanyamaza. Kichwa kilianguka mbele kama mtu anayesinzia safarini. Dongsik alimpokea, akamshusha, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Ukungu ulikuwa umetufikia. Ulipita kwenye matundu ya uzio, mweupe, mzito, na baada ya muda mfupi sikuuona tena uzio wenyewe.

Mkeka tuliuacha pale pale.

Dongsik aligeuza gari kwa taabu. Taa zake zilionyesha ukungu tu, kwa hiyo nilishuka nitangulie na taa ya simu, nikitafuta kingo za njia. Kibao chekundu kushoto. Kibao chekundu kulia. Nilikwenda kinyumenyume nikimpungia mkono, naye akanifuata taratibu, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kati ya vibao vile.

"Mama Hyeri..."

Hyeri ni binti yangu. Hivyo ndivyo mama mkwe anavyoniita.

"Mama Hyeri, nisubirini... Miguu yangu."

Sauti ilitoka nyuma ya gari. Upande wa uzio.

Nilidhani ameshuka bila sisi kumwona. Nikakimbilia dirishani, tayari kumgombeza Dongsik. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti. Kikoti kifuani, mikono magotini. Miguu yake, ambayo haifiki chini vizuri, ilikuwa inaning'inia na kuchezacheza.

Hajawahi kuchezesha miguu. Magoti yake hayamruhusu.

"Dongsik," nikanong'ona. "Umesikia?"

"Swala," alijibu. Ni kweli, kuna swala wadogo mabondeni huku, na usiku hulia kama mwanamke anayekabwa.

"Swala anajua jina la mwanangu?"

Mikono ya Dongsik ilikuwa imekamata usukani, na jasho lilimtoka ingawa ilikuwa baridi.

"Mama Hyeri... msiniache huku peke yangu."

Nililia. Nasema ukweli, nililia huku natembea kinyumenyume, kwa sababu ile ilikuwa sauti yake, na uchovu wake, na ile namna yake ya kukata jina langu mwishoni. Nilitaka kukimbia kumfuata. Lakini nyuma ya milango marobota yalitokeza pembeni, gari likajaza njia nzima. Ili kulipita ningelazimika kukanyaga pembeni, kwenye waya, na mguu wangu ulipogusa tu nyasi Dongsik alipiga honi mpaka nikaruka.

Tulipofika barabara ya lami nilipanda nikakaa kando ya mama mkwe. Nikamshika mkono. Mama mkwe huwa na mikono ya baridi, majira yote, tulikuwa tunamtania kwamba hahitaji friji. Ule mkono ulikuwa wa moto.

Akanigeukia. Macho yalikuwa yale yale, na makunyanzi yale yale. Akaninong'oneza kwa hofu, kama mtoto aliyefundishwa kuwa na adabu kwa wageni.

"Shangazi... hapa ni kwa nani?"

Dongsik alisikia, najua alisikia, kwa sababu gari liliyumba.

Geti lilikuwa limeshateremshwa. Koplo Baek alitoka mbio na tochi, mashavu hayakuwa mekundu tena.

"Mmechelewa sana. Nilikuwa napiga simu." Akainama, akamulika ndani. Mimi. Dongsik. Mama mkwe. "Watatu. Haya, vitambulisho vyenu hivi hapa."

"Koplo, subiri," nikasema. "Kuna mtu amebaki."

"Mama Hyeri," Dongsik alisema.

"Mama mkwe wangu amebaki kule. Mwisho wa njia. Anaita, msikilize."

Koplo alizima tochi, akasikiliza. Wote tulisikiliza. Ukungu ulikuwa umefika kwenye mstari mweupe wa geti na pale ukasimama. Nyuma yake kulikuwa na kitu. Nilisikia viatu vikiburuzwa juu ya lami, taratibu, vya mtu mwenye magoti mabovu.

Vikasimama.

Najua koplo alisikia, kwa sababu alipiga hatua nyuma.

"Mama," aliniambia, "mama mkwe wako si huyu hapa?"

Akaelekeza kitambulisho kwenye uso ulio kando yangu. Picha na uso. Vilikuwa kitu kimoja.

Ningesema nini? Niambie wewe unayesoma, ungesema nini? Ningemwambia koplo huyu si yeye, huyu mshushe, yule mpe nafasi yake? Mkono ule wa moto ulikuwa umenishika kwa nguvu.

"Watatu waliingia," Dongsik alisema. "Watatu wanatoka. Mke wangu amechoka."

Geti likainuliwa, tukatoka. Likateremshwa nyuma yetu. Sikugeuka kutazama.

Hospitalini walisema ni kiharusi kidogo. Daktari alituonyesha doa kwenye picha ya ubongo, akatueleza kwamba wazee wengine hurudi utotoni, na kwamba kwa moyo ule alikuwa na bahati kubwa. Moyo wenyewe, alisema akikunja uso, ulikuwa umepata nafuu asiyoielewa. Dongsik alishika maneno yale kwa mikono miwili. Anayashikilia mpaka leo, na simlaumu, kwani yule ni mama yake.

Mimi ndiye ninayekaa naye.

Anakula haraka, bakuli karibu na kidevu, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Kijiko anashika kwa mkono wa kushoto. Runinga ilimtisha, sasa anaipenda. Alimfanyia jirani kazi ya kulisha ng'ombe wake asubuhi nzima bila kuombwa, na akawaita kwa mluzi. Mama mkwe hajui kupiga mluzi. Ni mwema, sitaki mtu afikirie vinginevyo. Ni mtoto mwema kabisa. Hunisaidia kuosha vyombo, huniita Shangazi, na wiki ya kwanza aliniuliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa.

"Shangazi, mdogo wangu yuko wapi? Nilimwambia anisubiri."

Nilimwambia yuko njiani. Alikubali, akaendelea kupangusa sahani.

Nilirudi kule mchana, na kibali, peke yangu. Mkeka ulikuwepo. Wali ulikuwa umeliwa, labda na ndege. Nilimwita mama mkwe mpaka sauti ikakauka, na vipaza sauti vikanijibu kwa upepo wao. Mchana haji. Au mchana sisikii.

Ndipo nikaenda kwa mganga mmoja wa mjini, mwanamke anayepandisha mizimu, bila Dongsik kujua. Nilikwenda na yule mtoto, yaani na mama mkwe, yaani nao... Sijui niseme nini. Mganga alimtazama mara moja, akaweka njuga zake chini.

"Kumwita naweza," alisema. "Lete blauzi yake, namwita jioni hii hii, atakuja mbio. Lakini mwili ni mmoja. Huyu nimpeleke wapi?"

"Kwani hana pake?"

"Pake ni kule anakotoka. Miaka yote hiyo alikuwa kule, gizani, anatafuta njia. Nimrudishe?" Alinisubiri. "Sema wewe, dada. Mimi nafanya lolote nitakaloambiwa."

Alikuwa amekaa kando yangu, amekunja magoti, anasikiliza. Hakuelewa yote. Lakini neno "kule" alilielewa. Alinishika pindo la sweta, hakuniomba, alishika tu. Nilisimama, nikamshukuru mganga, tukarudi nyumbani na basi la jioni.

Hivyo ndivyo nilivyofungwa. Nikimwita mmoja, namtupa mwingine. Nikikaa kimya, mama mkwe yuko kule kwenye baridi na magoti yake yale. Dongsik halali vizuri, lakini halizungumzii. Shamba amemkodisha mtu. Ukungu ukishuka, mimi hufunga madirisha yote na kuongeza sauti ya runinga.

Wiki iliyopita koplo Baek alikuja nyumbani. Hakuwa na sare. Ilikuwa jioni, Dongsik alikuwa kwa jirani, nami nilikuwa nimempakulia mtoto chakula. Koplo alikataa kuingia. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mama, leo nina ruhusa mpaka saa za zamu tu," alisema. "Na mwezi ujao namaliza jeshi. Ndiyo maana nimekuja. Atakayeshika nafasi yangu hatamjua."

"Hatamjua nani?"

Alitazama nyuma, barabarani, ingawa hapakuwa na mtu.

"Wenzangu wanasema ni swala. Mimi nimezungumza naye." Alishusha sauti. "Huja ukungu ukishuka. Anasimama upande wa ndani, kwenye mstari, havuki. Anaomba kutoka. Nami namwambia, bibi, kitambulisho chako hakipo hapa, ulishakichukua siku ile. Ananiambia anajua, ila nijaribu kutafuta tena."

Nilishika mwimo wa mlango.

"Na mnamfanya nini?"

"Tunamrudisha, mama. Mtu ambaye hakuingia hawezi kutoka. Habishani. Hugeuka mwenyewe, polepole, anashika magoti." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, alikuwa bado kijana. "Lakini juzi hakuomba kutoka. Alinisogelea akaniuliza, yule mtoto anakula? Nikamwambia sijui ni mtoto gani. Akasema, basi kamwulize Mama Hyeri."

Nyuma yangu kijiko kilikuwa kinakwangua bakuli.

"Leo niko zamu," alisema koplo. "Nimjibu nini?"

Niligeuka nikamtazama yule aliyekaa mezani, mvi zake nilizozichana asubuhi kwa mkono wangu, mashavu yamejaa wali. Aliniinulia bakuli, akitaka tena.

"Mwambie anakula," nikasema. "Mwambie leo amemaliza mabakuli mawili na anaomba la tatu."

Koplo aliinama, akanishukuru, akavaa kofia. Aliondoka kwa haraka, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na alisema hapendi kumsimamisha bibi kwenye baridi.